PANYA ASIYE NA ASKARI

Leo katika ukurasa wetu wa afya tutazungumza habari za panya. Msicheke. Sisemi juu ya panya anayekula mahindi yenu darini. Nasema juu ya panya mdogo anayefugwa na wataalamu katika vyumba vya uchunguzi. Panya huyu huzaliwa hana manyoya, na huzaliwa hana askari wa mwili. Yeye ametufundisha kwa nini mtoto fulani huugua kila mara, hata kama mama yake ni msafi na mwangalifu.

Lakini kwanza nitawaeleza kosa langu mwenyewe.

NILIMLAUMU MAMA BURE

Mimi ni mtumishi wa zahanati huku Mwika. Nina cheti, na umri wangu haujafika miaka 30. Nilipoanza kazi nilidhani cheti changu kimenifundisha kila kitu.

Asubuhi moja, wakati wa mvua za masika, alikuja mama mmoja kijana. Alimbeba mtoto wake wa kike, wa miezi mitatu. Alikuwa ametembea kwenye utelezi tangu alfajiri. Miguu yake ilikuwa matope matupu.

Akaniambia, "Daktari, mtoto hanyonyi vizuri. Akishika ziwa analia."

Nikamfungua mtoto mdomo. Ulimi na mashavu yalijaa utando mweupe, kama maziwa yaliyoganda. Nikamuuliza mama kwa sauti kali, "Unampa chupa? Unanawa mikono? Huu ni uchafu, mama."

Akajibu polepole, "Simpi chupa, daktari. Ni ziwa langu tu."

Sikumwamini. Nikampa dawa ya mdomo, nikamwambia akafanye usafi. Watu waliokaa kwenye benchi walisikia maneno yangu yote. Mama aliinamisha kichwa, akaondoka.

Baada ya wiki tatu alirudi. Utando ulikuwa pale pale. Mtoto alikuwa anaharisha na kukohoa. Kidonda cha chanjo ya kifua kikuu begani kilikuwa kikubwa, na kwapa lilikuwa limevimba. Safari hii alikuja na mama mkwe wake.

Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja nikwambie neno. Mtoto wa kwanza wa nyumba hii alikuwa wa kiume. Alikwenda hivi hivi, akiwa na miezi mitano. Huu ni mkono wa mtu. Au ni huyu mwanamke aliyekuja na mikosi kutoka kwao."

Nikaona mama anafuta machozi kwa kanga. Mimi nilikuwa nimemwita mchafu. Wakwe walikuwa wanamwita mwenye mikosi. Hakuna aliyekuwa upande wake.

Siku hiyo nilimwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Moshi. Waliyoyasema madaktari wa huko nitawaeleza baadaye. Kwanza tujifunze habari za askari wa mwili, ili tuelewane.

ASKARI WA MWILI NI NANI?

Hewa tunayovuta ina vijidudu. Maji yana vijidudu. Udongo wa shambani una vijidudu. Mbona hatuugui kila siku? Ni kwa sababu mwili una askari wake. Askari hao ni chembe nyeupe za damu. Ni ndogo mno, huwezi kuziona kwa macho.

Askari hawa wana kazi mbalimbali. Wapo wanaowameza vijidudu. Wapo wanaotengeneza silaha na kuziachilia ndani ya damu. Na wapo wanaoitwa chembe T. Baadhi ya chembe T ni makamanda. Wao hutoa amri, na wengine hufuata. Baadhi yake ni wapiganaji. Wao huziua chembe za mwili zilizokwisha kuingiwa na ugonjwa.

Kama chembe T hazipo, askari wengine huwa kama jeshi lisilo na kamanda. Bunduki zipo, lakini hakuna anayesema adui yuko wapi.

SHULE YA ASKARI

Chembe T hazizaliwi zikijua kazi. Hutoka katika uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa. Kisha huenda shuleni. Shule yao ni tezi moja laini iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, juu ya moyo. Tezi hiyo inaitwa thaimasi. Hiyo herufi T imetoka katika jina hilo.

Ukichinja ndama unaweza kuiona. Ni kipande laini, cheupe-cheupe, kinachoanzia juu ya moyo na kupanda shingoni. Ukichinja ng'ombe mzee utaona imekwisha kunywea. Kwa binadamu ni vivyo hivyo. Thaimasi ya mtoto ni kubwa, lakini ya mtu mzima imenywea, maana askari wake wengi wamekwisha kusoma.

Katika shule hiyo chembe hufundishwa jambo moja kubwa: kumtambua mwenyeji na mgeni. Chembe T inayotaka kuupiga mwili wenyewe huondolewa. Isiyoweza kutambua kitu nayo huondolewa. Mtihani huo ni mgumu. Katika chembe 100 zinazoingia shuleni, hazifiki 5 zinazofaulu.

Zamani hata madaktari hawakujua kazi ya thaimasi. Walifikiri haina faida. Waliitoa kwa wanyama wakubwa, na wanyama hao hawakuugua. Mwaka 1961 daktari Jacques Miller, aliyekuwa akifanya kazi London, aliandika habari mpya. Yeye aliitoa thaimasi ya panya waliozaliwa siku ile ile. Panya hao walikua dhaifu. Walishindwa kupigana na maradhi, na wengi wakafa wadogo. Hapo ikajulikana kwamba shule ikifungwa kabla ya wanafunzi kusoma, jeshi halipo.

PANYA WA GLASGOW

Mwaka uliofuata, 1962, jambo la ajabu lilitokea katika hospitali ya Ruchill, mji wa Glasgow, Uingereza. Katika panya waliofugwa kwa uchunguzi walizaliwa panya wasio na manyoya. Walikuwa uchi kama kifaranga aliyetoka yaiani. Mwaka 1966 mtaalamu S. P. Flanagan aliandika kwamba hali hiyo ni ya kurithi. Mwaka 1968 mtaalamu mwingine, E. M. Pantelouris, aliwapasua panya hao na kuwachunguza. Akakuta hawana thaimasi.

Basi, panya hawa walizaliwa bila shule ya askari. Hakuna aliyewatoa thaimasi. Hakuna aliyewafunga. Agizo moja tu la urithi lilikuwa limeharibika. Agizo hilo hilo hujenga thaimasi, na pia huotesha manyoya. Ndiyo sababu vyote viwili vilikosekana.

Panya hawa wakifugwa katika vizimba vya kawaida huugua na kufa mapema. Wakifugwa mahali ambapo hewa imechujwa, na chakula na maji vimeuawa vijidudu, huishi muda mrefu zaidi. Huu ni ushahidi mkubwa. Panya hawa hufa kwa sababu hawana wa kuwatetea.

Tena kuna jambo la kushangaza zaidi. Mwaka 1973 wataalamu wa Marekani waliwapandikiza panya hawa ngozi ya kuku. Panya wa kawaida angeikataa ngozi hiyo, ikanyauka. Panya asiye na askari hakuikataa. Ngozi ilishika, na manyoya ya kuku yakaota juu ya mgongo wa panya.

Mwaka 1983 panya wa aina nyingine aliandikwa habari zake na Melvin Bosma na wenzake, mji wa Philadelphia, Marekani. Huyu ana manyoya. Lakini chembe zake hazina uwezo wa kusoma. Kwa hiyo makosa ni ya namna mbili. Panya wa Glasgow hana shule. Panya wa Philadelphia ana shule, lakini wanafunzi hawawezi kusoma. Mwisho ni mmoja: jeshi la chembe T halipo.

PANYA HAO WALIFIKA MUGUGA

Msidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Ninyi mnaofuga ng'ombe bandani mnaijua ndigana kali. Kupe anamuuma ng'ombe, matezi ya shingoni yanavimba, homa inapanda, mnyama anahema kwa shida, anakufa. Wengi wetu tumepoteza ng'ombe wa maziwa kwa njia hiyo. Hata ng'ombe asiyetoka bandani anaweza kupata kupe kwa majani yanayokatwa tambarare.

Vimelea vya ndigana kali vina ujanja. Haviwakimbii askari wa mwili. Vinaingia ndani ya askari wenyewe, ndani ya chembe nyeupe za ng'ombe. Kisha vinawalazimisha askari hao wazaliane ovyo, kama saratani.

Huko Muguga, karibu na Nairobi, kulikuwa na kituo cha uchunguzi wa mifugo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1975 wataalamu wa huko waliandika kwamba walichukua chembe za ng'ombe zenye ndigana, wakawachoma panya wasio na thaimasi. Chembe za ng'ombe zikakua ndani ya panya kama uvimbe. Kwa panya wa kawaida zingefukuzwa. Hivyo panya asiye na askari aliwasaidia kuiona ndigana inavyozaana.

Katika miaka hiyo ya 1970, Muguga hiyo hiyo ilitoa njia ya kuchanja ndama. Ndama huchomwa vimelea hai vya ndigana, na siku hiyo hiyo huchomwa dawa ya kuvipunguza nguvu. Haugui sana, lakini askari wake wanajifunza. Na askari hao ni akina nani? Mwaka 1994 wataalamu wa Nairobi walichukua chembe T za kupigana kutoka kwa ndama aliyekinga, wakampa ndama pacha wake asiye na kinga. Pacha akaweza kuishinda ndigana. Kwa hiyo, chembe T ndizo zinazomwokoa ng'ombe wako.

MBEGU YA URITHI

Sasa tuulize: agizo la urithi huharibikaje, na wazazi ni wazima?

Fanyeni jaribio hili darasani. Chukueni vikombe viwili. Kimoja ni baba, kingine ni mama. Katika kila kikombe tieni punje mbili za maharage, moja nyeupe na moja nyekundu. Punje nyeupe ni agizo zima. Punje nyekundu ni agizo lililoharibika. Kila mzazi ni mzima, kwa sababu punje moja nyeupe yatosha kufanya kazi.

Sasa mtu mmoja afumbe macho. Achukue punje moja kutoka kikombe cha baba, na moja kutoka kikombe cha mama. Hizo mbili ni mtoto. Andikeni rangi zake, kisha rudisheni punje vikombeni. Rudieni mara nyingi.

Mtaona kwamba mara nyingi mtoto hupata walau punje moja nyeupe. Huyo ni mzima. Lakini kwa wastani, mara 1 katika 4, mtoto hupata nyekundu mbili. Huyo hana agizo zima hata moja.

Jaribio hili linatufundisha mambo matatu.

Kwanza, ugonjwa wa namna hii hutoka kwa baba na mama kwa pamoja. Kumfukuza mama peke yake ni dhuluma. (Iko namna nyingine ya kasoro hizi inayopita kwa mama na kuwapata watoto wa kiume. Hata hiyo si kosa la mama. Hakuna mtu anayejichagulia maagizo ya urithi.)

Pili, kila mimba inaanza upya. Kuzaa mtoto mgonjwa hakumaanishi kwamba anayefuata lazima awe mgonjwa, wala kwamba lazima awe mzima.

Tatu, watu wa damu moja huweza kuwa na punje nyekundu ya namna moja. Mila yetu ya kutooana ndani ya ukoo inapunguza hatari hiyo. Lakini hata wasio ndugu wanaweza kukutana na punje zinazofanana bila kujua.

WATOTO WA BINADAMU

Ndiyo, wapo watoto wanaozaliwa kama panya wale. Mwaka 1996 madaktari wa Italia waliandika habari za mabinti wawili wa familia moja waliozaliwa bila nywele na bila chembe T za kutosha. Baadaye ikaonekana kwamba agizo lililoharibika ni lile lile la panya wa Glasgow.

Wako pia watoto wenye nywele zao, lakini chembe zao haziwezi kusoma. Hawa ndio wengi zaidi. Lakini hata wao ni wachache sana. Marekani, walipowapima watoto wachanga wengi, walikuta mtoto 1 kwa kila watoto 58,000 hivi ana upungufu mkubwa wa namna hii.

Je, wanatibiwa? Wanaweza, wakijulikana mapema. Mwaka 1968, katika jimbo la Minnesota, Marekani, mtoto mmoja alipewa uboho wa dada yake. Akapata askari, akaishi. Kwa mtoto asiye na thaimasi, Marekani iliruhusu mwaka 2021 matibabu ya kumpandikiza vipande vya thaimasi. Hapa Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uboho watoto wenye ugonjwa wa selimundu. Ni hatua kubwa kwa nchi yetu.

WALICHOSEMA MADAKTARI

Sasa turudi kwa yule mama. Huko Moshi mtoto alipimwa virusi vya UKIMWI. Hakuwa navyo. Mama hakuwa navyo. Wakahesabu chembe nyeupe katika damu ya mtoto. Zile za kundi la chembe T zilikuwa chache mno. Daktari alisema kila dalili inaonyesha kasoro ya kurithi. Aliwaita baba na mama, akawaeleza wote wawili pamoja.

Mtoto alikaa wodini wiki sita. Kikohozi kilimshinda. Alifariki akiwa na miezi sita.

Niliposikia, nilikwenda nyumbani kwao. Nilipita migombani nikifikiri niseme nini. Nilimkuta mama mkwe uani, na wanaume wa ukoo wamekaa kwenye viti. Nikaomba ruhusa kusema. Nikawaeleza habari ya vikombe viwili na punje za maharage. Nikasema wazi mbele yao, "Huyu mama nilimwita mchafu. Nilikosea. Mtoto wake alizaliwa bila askari. Asali wala sabuni isingeweza kumpa."

Wazee walikaa kimya. Kisha mzee mmoja akauliza, "Punje moja ni ya mtoto wetu?"

Nikajibu, "Ndiyo, mzee. Moja ni ya kwenu."

Neno la kumrudisha mama kwao halikutajwa tena siku ile.

SHULE INAYOFUNGWA NA NJAA

Ndugu wasomaji, kasoro ya kurithi ni nadra. Pengine hamtaiona maisha yenu yote. Basi kwa nini nimewaeleza? Kwa sababu wako watoto wengi wanaozaliwa na thaimasi nzima, kisha sisi wenyewe tunaiacha inyauke.

Kinachoinyausha zaidi ni njaa. Mtoto akipata utapiamlo, thaimasi yake husinyaa haraka. Chembe T hupungua. Ndiyo sababu mtoto mwenye utapiamlo haugui njaa peke yake. Huja kuhara, huja kichomi, huja kifua kikuu. Amekuwa kama panya wa Glasgow, lakini huyu tunaweza kumponya. Akila vizuri, shule hufunguliwa tena.

Maziwa ya mama ni chakula cha kwanza cha shule hiyo. Huko Denmark, mwaka 1996, walipima thaimasi za watoto wa miezi minne. Waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama tu walikuwa na thaimasi kubwa karibu mara mbili ya wale waliopewa maziwa ya kopo.

Baada ya miezi sita mtoto aongezewe chakula. Huku kwetu ndizi hazikosekani. Lakini ndizi peke yake hazitoshi. Changanya na maharage. Ongeza maziwa, yai, dagaa, mboga za majani, parachichi. Usiuze maziwa yote na mayai yote sokoni, halafu mtoto akabaki na ndizi na maji ya moto.

Mharibifu wa pili ni virusi vya UKIMWI. Virusi hivi huzivamia chembe T zile zilizo makamanda. Tanzania iliwatambua wagonjwa wa kwanza mkoani Kagera mwaka 1983. Wakati huo hakukuwa na dawa. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi hutolewa bure, na makamanda huongezeka tena. Mama mwenye virusi asipotumia dawa, watoto 15 hadi 45 katika 100 huambukizwa. Akizitumia vizuri, huweza kuwa chini ya 5 katika 100. Kwa hiyo kila mjamzito apimwe, na mume wake pia.

Wa tatu ni surua. Surua huwafanya askari wasahau maadui waliowajua zamani. Chanjo yake hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18.

DALILI ZA KUANGALIA

Mpeleke mtoto zahanati, na uombe aangaliwe zaidi, ukiona haya:

1. Utando mweupe mdomoni unaorudi kila mara, au usiopona kwa dawa.
2. Kichomi zaidi ya mara moja katika miezi ya kwanza.
3. Kuhara kusikokwisha.
4. Mtoto haongezeki uzito katika kadi ya kliniki.
5. Kidonda cha chanjo begani kinazidi kupanuka, na kwapa linavimba. Kipele kidogo kinachoacha kovu ni kawaida. Usiogope.
6. Mtoto wa miezi 6 na zaidi akipimwa mkono kwa utepe, ukaonyesha rangi nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5.

Dalili moja peke yake si lazima iwe kasoro ya kurithi. Utando mdomoni huwapata watoto wengi, hupona. Ni vizuri kupima na kujua.

HABARI YA CHANJO

Tafadhali msinielewe vibaya. Chanjo ni mwalimu mkuu wa askari wa mwili. Wapelekeni watoto wote.

Lakini kuna jambo moja la kusema kwa muuguzi. Chanjo ya kifua kikuu inayotolewa mtoto anapozaliwa ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Mtoto mwenye askari haimdhuru. Mtoto asiye na askari huweza kudhurika. Basi, kama umewahi kuzaa watoto wakafa wachanga kwa maradhi ya mara kwa mara, mwambie muuguzi mapema, tangu kliniki ya wajawazito. Usifiche kwa aibu. Muuguzi atauliza daktari. Usiamue mwenyewe kukataa chanjo.

NENO LA MWISHO

Yule mama sasa ana mimba ya miezi saba. Huja kliniki na mume wake. Mama mkwe amemletea maziwa kila siku tangu mimba ilipoonekana. Kadi yake ina alama nyekundu niliyoiandika mwenyewe, ili atakayempokea ajue. Atajifungulia hospitali, na mtoto atapimwa damu kabla ya chanjo ya begani.

Wiki iliyopita aliniuliza, "Daktari, safari hii itakuwaje?"

Sikumdanganya. Nilimwambia, "Mama, katika punje nne, tatu ni za heri. Na safari hii tutajua mapema."

Akasema, "Basi tutangoja." Akachukua kikapu chake, akaenda sokoni.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Chembe T husoma katika tezi gani? Tezi hiyo iko wapi mwilini?
2. Kwa nini panya wa Glasgow hufa mapema katika vizimba vya kawaida?
3. Fanyeni jaribio la maharage mara 20. Punje nyekundu mbili zimetokea mara ngapi?
4. Katika kijiji chenu, watoto wanaougua mara kwa mara husemwaje? Mama zao husemwaje? Mnaweza kubadilisha nini?
5. Taja vyakula vitatu vinavyopatikana kihambani kwako vya kumwongezea mtoto wa miezi sita.